Pwani ya Shela na Mashamba Yaliyo Nyuma Yake

Mgeni anayeshuka gatini Lamu huulizia pwani ya Shela kabla hajatua mizigo, nasi wenyeji humwelekeza kwa kidole bila kuinuka barazani. Wengi wetu tuliozaliwa mjini, nami nikiwamo, tunaweza kumaliza mwaka mzima bila kuikanyaga pwani hiyo, na mashamba yaliyo nyuma yake tunayajua kwa kuletewa madafu tu. Jumapili moja nilitoka na mama yangu, mke wangu na watoto wetu wawili, tukaenda kuitembea sehemu hiyo ya kisiwa, na tangu siku hiyo nimekuwa na rai ambayo jamaa zangu wameshachoka kuisikia: pwani na mashamba ni safari moja, na mzazi anayewaonyesha wanawe pwani peke yake amewaonyesha nusu ya kisiwa chao.

Siku tuliichagua kwa kuangalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji huku kwetu hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo anayetoka mapema huyafuata maji yakirudi nyuma na hupata mchanga mgumu wa kutembelea. Mama alipanda punda wa jirani, sisi tukaenda kwa miguu kilomita 3 hivi hadi Shela, tukaupita Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 na mnara wake mweupe, kisha tukashika pwani. Pwani ile ina urefu wa kilomita 12 hivi, nasi hatukufika hata robo yake, kwa sababu mtoto wa miaka sita hawezi kumpita kaa bila kumfukuza hadi shimoni.

Tulipochoka na jua tulipanda vilima vya mchanga. Mama alituonya tusiyachezee mabaki yoyote tutakayoyakuta, kwani ni katika vilima hivyo watu wa Lamu walipowashinda watu wa Mombasa na wenzao wa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, na upepo hufukua mifupa mpaka leo. Lakini kilichonishughulisha mimi ni maji. Mvua ya masika ikinyesha pale haitiririki kwenda baharini. Huzama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya ardhi. Visima vinavyounywesha mji wa Lamu vimechimbwa nyuma ya vilima hivyo. Mtu akijenga juu ya kilima, au akikichota mchanga kwa magunia, anagusa mtungi wa mji mzima, na sidhani kama mtu huyo anastahili kuulizwa kwa upole.

Upande wa pili wa vilima ndipo mashamba yanapoanza, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Mzee mwenye shamba tulilolitembelea ni jamaa ya mama. Alipokea shikamoo zetu akiwa ameshika kisu na tunda la mnazi, akatukaribisha chini ya mwembe, kisha akawauliza watoto tunda hilo linaitwaje. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa na hupata alama nzuri shuleni, alijibu kuwa ni nazi. Mzee hakucheka. Alikwenda akarudi na matunda manne ya minazi, akayapanga mkekani: kidaka kisichozidi ngumi ya mtoto, kitale ambacho maji yake bado hayajakolea utamu, dafu lenye nyama laini ya kukombwa kwa kijiko kilichochongwa kwa kumbi lake, na koroma ambalo si dafu tena wala halijawa nazi. Nazi yenyewe, alisema, ataiona jikoni kwa bibi yake. Niliona haya kidogo, maana hata mimi kitale nilikuwa nakijua kwa jina tu.

Baadaye mama alivuta ndoo ya kisima cha shamba, akayaonja maji, akayashikilia mdomoni kidogo. Alisema yana chumvi kuliko yale aliyoyanywa hapo hapo alipokuwa mwari. Mzee alikubali kwa kichwa, akaendelea kumwagilia mirehani.

Najua pingamizi za wazazi wenzangu: jua ni kali, shambani kuna siafu, na mtoto atachafua nguo. Yote ni kweli, na siafu walituuma. Lakini watoto hao hao tunawapeleka Mombasa wakati wa likizo kwa nauli kubwa ili wakapande bembea.

Kosa letu lilikuwa kuchelewa. Tuliporudi saa kumi alasiri bamvua lilikuwa limejaa, na njia ya ufukoni kati ya Shela na mji ilikuwa chini ya maji, mawimbi yakipiga ukutani. Ilitubidi tupite njia ya ndani, yenye mchanga mwingi, punda akigoma kila hatua ya ishirini. Mwanangu alikuwa amekumbatia zawadi aliyopewa na mzee kifuani muda wote. Mke wangu alipojitolea kumbebea hilo dafu, alilivuta kwake kwa hasira, akamwambia kwamba si dafu, ni kitale.