Nani atalipia kesi ya mtaa?

Zunguka Mombasa uhesabu majina. Allidina Visram ni shule. Pandya ni hospitali. Seif bin Salim ni maktaba. Ukiingia mitaani utakuta kisima, madrasa au birika la msikiti lenye kibao cha marumaru: jina la marehemu, na ombi umsomee Fatiha. Mji huu umejengwa kwa sadaka za koo zake, tena tangu zamani. Sasa tafuta kibao cha mtu aliyelipia kesi. Utarudi mikono mitupu.

Jambo hilo halikutukera sana maadamu wafadhili wa nje walikuwapo. Mashirika ya haki ya Pwani, yanayofuatilia vijana waliopotezwa, maskwota na moshi wa viwandani, yameegemea sana fedha za Ulaya na Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, swali lililokuwa likinong'onwa barazani likasemwa kwa sauti: familia zetu zenye uwezo, ambazo tayari zina mifuko yao ya hisani, mbona zisiubebe mzigo huu? Anayefuturisha mtaa mzima mwezi wa Ramadhani atashindwaje na wakili mmoja?

Wanaosema ndiyo wana mfano ulio karibu, kitongoji cha Owino Uhuru hapa Mombasa. Hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia madini ya risasi kwenye damu za watoto (lugha yetu imeyapa madini hayo jina moja na kile kinachotoka kwenye bunduki, na safari hii haikukosea). Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo na mwanawe akaugua, ndiye aliyeinua watu. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ikafunguliwa 2016. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka minane. Mfadhili wa mbali hutoa fedha za mwaka mmoja, mitatu akikupenda, kisha hutaka ripoti yenye picha. Familia iliyozika wazee wake hapa haiendi popote. Kama kuna fedha zinazoweza kuvumilia mwendo wa mahakama zetu, ni hizo.

Sheria ya kodi nayo ina lake. Msamaha wa kodi ya mapato kwa taasisi za hisani umefungwa kwenye mambo machache: kuondoa umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza dini, kuendeleza elimu. Haki hazikutajwa kwa jina. Ndiyo maana mhasibu wa mfuko atakwambia uchimbe kisima ulale usingizi. Lakini mtoto mwenye risasi mwilini, kama si mwenye dhiki, ni nani?

Mpaka hapo niko nao. Upande wa pili ndio unaoninyima raha, kwa sababu hoja zake hazitoki kwa wabahili tu.

Rudi Aprili 2015. Baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitoa orodha ya watu na taasisi zaidi ya 80 iliodai wanahusiana na ugaidi. MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, yalikuwamo. Akaunti zikafungwa, maafisa wa kodi wakaingia ofisini na kuondoka na kompyuta. Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu Mombasa ikasema hakuna kinachoyahusisha na ugaidi, lakini amri ya kufungua akaunti ilingoja hadi Novemba. Sasa jiulize kama mlipaji wao angekuwa tajiri wa hapahapa, mwenye makontena Kilindini, na kila kontena linangoja muhuri wa afisa wa serikali. Angestahimili miezi mingapi? Mfadhili wa Stockholm hana kontena bandarini. Umbali tunaoulaumu ndio pia ngao yake. Na tajiri akirudi nyuma siwezi kumwita mwoga. Ana wafanyakazi wanaongoja mshahara mwisho wa mwezi.

Kuna jingine zito kuliko hofu. Amri ya kusafirisha shehena kwa reli ya SGR ilipokaza mwaka 2019, wenye malori, madereva, makuli na wauza chakula wa barabarani waliumia pamoja, na wakaandamana pamoja. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema amri hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Katika vita vya namna hiyo tajiri na maskini huvuta kamba upande mmoja, na kumwomba tajiri mchango si kazi. Nenda sasa mtaa wa Majengo. Nyumba nyingi za Kiswahili huko mwenye nyumba si mwenye ardhi: alijenga juu ya kiwanja cha mtu, na humlipa kodi ya kiwanja. Mwenye kiwanja ni nani? Mara nyingi ni familia yenye jina, jina lilelile la kwenye kibao cha marumaru. Siku wapangaji wa viwanja watakapotaka wakili wa kupinga kuvunjiwa nyumba, mfuko wa familia hiyo utawafungulia mlango, au utawakumbusha kwamba mwaka huu mkazo ni kwenye karo za shule?

Wamarekani walipitia njia hii mapema. Mfuko alioanzisha tajiri Julius Rosenwald mwaka 1917 ulisaidia kujenga shule karibu 5,000 za watoto weusi katika majimbo ya kusini. Kazi kubwa, lakini ubaguzi wenyewe ulibaki umesimama pale shule zilipojengwa. Mwaka 1962 mifuko ya familia, ukiwamo Taconic wa Stephen na Audrey Currier, ikaingia kwenye jambo lenyewe: ikalipia kampeni ya kuandikisha wapigakura weusi. Walioandikishwa walikuwa mamia ya maelfu. Hata hivyo baadhi ya vijana waliokuwa wakikalia viti vya mikahawa iliyowakataa walishuku kwamba fedha hizo, zilizopendwa na serikali ya Rais Kennedy, zililenga kuwatoa barabarani. Nadhani pande zote mbili zilikuwa sahihi. Fedha zilifungua mlango, na papo hapo zikachagua mlango upi ufunguliwe.

Sisi tuna chombo cha zamani kuliko vyote hivyo: wakfu. Mali hufungwa, haiuzwi wala hairithiwi, na mutawalli, yaani msimamizi wake, hana ruhusa ya kugeuza sharti la aliyeiweka. Tume ya Wakfu imekuwapo tangu 1900. Lakini tusijidanganye kwamba wakfu ni dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mgogoro wa wakfu wa familia moja ya Mombasa ulifika mpaka Privy Council, London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza. Majaji wakasema wakfu unaolisha watoto na wajukuu kwanza, huku maskini wakingoja mpaka ukoo wote uishe, si hisani. Waislamu hawakukubali, na kwa haki, maana majaji walipima sheria yetu kwa kibaba chao. Sheria ya 1951 ikaja kuuruhusu wakfu wa namna hiyo. Ila swali la majaji hao sijaliona likijibiwa na mifuko ya leo: maskini anafikiwa lini?

Kwa hiyo mimi nasema familia zitoe, kwa sharti moja gumu. Fedha zikishatoka, uamuzi wa kesi ipi ilipiwe uwe kwa kamati ambayo familia haina wingi ndani yake. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, haizuii hilo. Na kabla hujausifu mfuko wowote, uulize kama kamati yake yaweza kumlipia mpangaji wa kiwanja amshtaki binamu wa mwenye mfuko. Ikiwa haiwezi, basi waendelee na futari na visima, na Mungu awalipe. Hakuna aibu katika hilo, mradi wasiite haki.

Rafiki yangu mmoja, ambaye kwao wana mfuko, nilimpa hoja hii tukiwa kahawani. Akanyamaza kidogo. "Tutoe," akasema, "lakini jina letu lisitajwe." Kisima mtu huweza kukichimba kwa siri na akapata thawabu zaidi. Kesi je? Wakili wa upande wa pili, kabla hajafungua jalada, atataka kujua nani amekulipia.