Usimsubiri Mwenzako Ndipo Uanze Mazoezi

Ukipita njia ya ufukweni kutoka mjini Lamu kwenda Shela baada ya sala ya alfajiri, utawakuta wawili wawili: akina mama wenye raba chini ya buibui, vijana wanaokimbia, wazee wanaotembea mikono nyuma. Ni jambo jema na sina neno nalo. Ninalolipinga ni ile imani kwamba mazoezi hayaanzi mpaka upate mtu wa kwenda naye. Watu wengi huacha wiki ile ile mwenzao anapoacha. Huyu kasafiri kwenda Mombasa, yule kafiwa, mwingine goti limemuuma, na wa pili naye anaweka raba zake uvunguni. Rai yangu ni hii: tengeneza ratiba unayoiweza ukiwa peke yako, iimarike, ndipo umkaribishe mwenzako kwa kazi ambazo bila yeye hazifanyiki vizuri au hazifanyiki salama. Kazi hizo si nyingi, lakini baadhi yake ni za kufa na kupona.

Ratiba ya peke yako haihitaji makubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa siku mbili au zaidi. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano, zinakufikisha kwenye 150. Kipimo cha wastani ni pumzi: unaweza kusema sentensi nzima, lakini kuimba huwezi. Hapa ndipo matembezi ya wawili yanapodanganya. Mazungumzo yakinoga, miguu hupunguza mwendo bila mtu kujua, na mnarudi nyumbani mkiwa mmepiga soga dakika 40 na hamjafanya mazoezi hata 10. Kama mnatembea wawili, pangeni kipande cha njia ambacho hakuna kuzungumza. Dakika 10 za kwenda kimya na kwa kasi, kisha hadithi ziendelee.

Kwa wanaokimbia Shela, tatizo la kwanza la ahadi ya wawili ni bahari. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji huwa juu alfajiri na tena alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, wakati jua limeshakuwa kali. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Na kila siku saa ya maji kujaa inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo watu wanaoahidiana "saa kumi na mbili pwani" watakuta mchanga mgumu leo, na baada ya siku chache watakuta ukanda mwembamba wa mchanga laini unaozamisha kifundo cha mguu. Kukimbia kwenye mchanga laini kunakula nguvu mara 1.6 hivi kuliko kwenye ardhi ngumu, na kutembea kunakula zaidi ya mara mbili. Mwenye nguvu ataona raha, asiye na nguvu ataumia misuli ya nyuma ya mguu na kesho hatatoka. Shikeni saa ile ile, badilisheni mahali. Maji yakiwa chini, pwani. Yakiwa juu, njia ya mjini au ngazi za nyumbani. Na mkiwa kwenye mchanga uliolala upande kuelekea majini, geukeni nusu ya muda, maana mguu mmoja unakwenda chini ya mwenzake muda wote na goti ndilo linalolipia.

Ndani ya mitaa ya Lamu, kukimbia wawili bega kwa bega hakuwezekani. Ukisikia "simile!" na punda mwenye shehena ya mchanga anakuja, kichochoro kizima ni chake. Huko kimbia peke yako, au mfuatane kwa umbali wa hatua kumi ili wa nyuma aone wa mbele anapoteleza kwenye kinyesi.

Tatizo la pili ni kasi. Rafiki wawili wenye pumzi tofauti wakilazimishana kwenda pamoja, mmoja hafanyi kazi na mwingine anazidiwa. Dawa yake ni saa, wala si umbali. Anzeni pamoja, kila mmoja kwa kasi yake. Ikifika dakika ya 15, kila mtu anageuka pale pale alipo. Aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma na ana njia ndefu ya kurudi. Kila mmoja akishika kasi aliyokwenda nayo, mtafika mlipoanzia kwa pamoja, dakika ya 30. Anayechelewa kurudi anajua kwamba alianza kwa pupa, na hilo ni somo ambalo hakuna haja ya mtu kumwambia.

Sasa vyuma. Hapa mwenzi ni lazima, na hapa ndipo kazi ya mwenzi inapofanywa vibaya kuliko mahali popote. Jimu nyingi za mtaani, Lamu na Malindi, zina vyuma vya kujitengenezea: bomba la chuma na makopo mawili yaliyojazwa saruji. Kabla ya kulala chini yake, pima kila kopo kwenye mizani ya dukani. Saruji haikandwi sawasawa, na kopo moja likizidi jingine kwa kilo mbili, bomba litainama upande mmoja kila unaponyanyua na bega la upande ule litaumia polepole. Jambo kubwa zaidi ni hili: kwenye chuma cha kiwandani chenye sahani, anayefanya peke yake anaweza kuacha vibano bila kuvifunga, na akishindwa akakiinamisha upande mmoja sahani zikaanguka. Kopo la saruji halianguki. Limeganda. Ukishindwa, bomba linabaki kifuani au shingoni. Kwa hiyo kusukuma chuma cha saruji ukiwa umelala, peke yako, usifanye hata siku moja, hata kama uzito ni ule uliouzoea. Ukiwa peke yako piga pushapu ukiwa na mfuko wa mchanga mgongoni.

Anayemlinda mwenzake asimame upande wa kichwa, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umenyooka. Mikono iwe karibu na bomba bila kuligusa, kiganja kimoja juu na kimoja chini, ili likiteleza lisipite. Kabla ya kuanza mkubaliane namba: "nanyanyua mara nane". Mnyanyuaji akisema "nipokee", mlinzi anashika na kusema "nimeshika", na mnyanyuaji haachi mpaka bomba litue mahali pake. Wengi huumia hapo: anasikia mwenzake kagusa, anaachia, uzito wote unamwangukia mtu ambaye hakuwa tayari. Mlinzi aingie bila kuitwa pale tu chuma kinaposimama kama sekunde mbili bila kupanda, au kinapoanza kurudi chini. Kosa jingine, la kawaida mno, ni mlinzi kusaidia kila mara kwa vidole viwili huku akipiga kelele "ni wewe mwenyewe!" Miezi inapita, mtu anajisifu kwamba ananyanyua kilo 60, na kilo 10 kati yake ni za mwenzake. Siku mlinzi akiwa na simu mkononi, ukweli unashuka kifuani.

Mazoezi yasiyo na vyuma yanafaa sana kwa wawili wakipokezana. Mmoja anapiga pushapu 10, mwingine anapumzika na kuhesabu; kisha huyu 10, halafu 9, 8, mpaka 1. Kila mtu atakuwa amepiga 55 na mapumziko yamejipanga yenyewe. Anayehesabu ahesabu zilizo sawa tu. Aangalie kiuno kisishuke, viwiko visitawanyike mbali na mbavu, kifua kikaribie sakafu. Kwenye kuchuchumaa, asimame ubavuni ili auone mgongo unapopinda, kisha mbele ili aone magoti kama yanagongana kwa ndani. Jicho la mtu mwingine linaona usichokiona, na hata kioo hakikuoneshi mgongo wako.

Lakini zoezi jipya kabisa, jifunze peke yako kwanza, polepole, bila watazamaji. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza jambo ambalo walimu wa michezo walikuwa wameliona kwa muda mrefu: kutazamwa humfanya mtu afanye vizuri zaidi kile alichokwisha kizoea, na humharibia kile ambacho bado anakibahatisha. Kijana anayejifunza kunyanyua chuma kutoka chini mbele ya wenzake ataongeza uzito kabla mgongo wake haujajua kazi. Sakafu ya juu ya nyumba, kijiti cha mwiko badala ya chuma, wiki mbili za utulivu, halafu njoo jimu.

Na mwenzi awe nani? Watu huchagua rafiki wa karibu zaidi. Mimi nashauri umchague anayekuzidi kidogo. Miaka ya 1920, Otto Köhler, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliwapima wapiga makasia wa Berlin wakinyanyua uzito kwa pamoja, kwa namna kwamba mmoja akiacha kazi yote inakwisha. Yule dhaifu alivumilia kuliko alivyovumilia peke yake, na zaidi pale tofauti kati yao ilipokuwa ya wastani. Ikiwa ndogo mno hakuna cha kumvuta; ikiwa kubwa mno anakata tamaa. Lakini kundi likiwa kubwa mambo yanageuka. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapa watu kamba waivute, akaona kwamba kadiri walivyoongezeka, kila mmoja alivuta kidogo kuliko alivyoweza. Kwa hiyo kundi la watu kumi linalofanya mazoezi ufukweni linafaa kwa furaha na kwa usalama wa wanawake wanaotoka kabla ya kupambazuka, na hilo si dogo. Kwa nguvu hasa, wawili wanatosha, watatu mwisho.

Kunyooshana viungo kuna hatari yake. Ukiwa umelala chali na mwenzako amekuinulia mguu, sukuma bega lake kwa kisigino kwa nguvu ya wastani, sekunde 6, kisha legea, naye asogeze kidogo tu na mkae hapo sekunde 20 hadi 30. Mara tatu zinatosha. Anayenyooshwa ndiye anayetoa amri. Hakuna kudundadunda, na maumivu yakitokea nyuma ya goti, acheni hapo hapo.

Kuogelea, hapana mjadala: usiogelee peke yako. Mlango wa bahari kati ya Shela na kisiwa cha Manda una mkondo mkali maji yanapopwa, unakokota mtu kuelekea bahari kuu. Ogeleeni sambamba na ufuko, kina kisichozidi kifua, mwenye nguvu zaidi akae upande wa kina kirefu. Mbebe dumu tupu la lita 5, kifuniko kimefungwa barabara, kamba ya mita mbili kwenye mpini. Mwenzako akichoka, msukumie dumu, usimpe mkono, kwa sababu anayezama humpanda anayemwokoa na mnazama wote. Malindi, mvua zikinyesha bara na Mto Sabaki ukimwaga matope baharini, maji huwa rangi ya udongo na mwenzako anaweza kuzama hatua tano kutoka ulipo bila wewe kumwona. Siku hizo kaeni nchi kavu.

Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari amwambie mwenzake dalili zake: kutetemeka, jasho la baridi, maneno kuchanganyika. Vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, ikibaki vile rudia. Akiwa hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni; mkimbize hospitali.

Mkishaanza, wekeni sharti la dakika tano. Mwambie mapema, kwa heshima: "Ndugu yangu, mimi natoka saa kumi na mbili kasorobo, ukinikosa, nimetangulia." Baada ya dakika tano unaondoka, bila kupiga simu na bila kinyongo. Anayekuja atakukuta njiani.

Ramadhani ndiyo huwavuruga wengi, maana saa za watu hazifanani. Gawanya: dakika 20 hadi 30 za kutembea peke yako kabla ya magharibi, ukikaribia nyumbani wakati wa adhana ili maji na tende viwe karibu. Vyuma na pushapu viache mpaka baada ya tarawehe, ukiwa umekunywa maji ya kutosha na futari imetulia, na hapo ndipo umwite mwenzako.