Na milima je?
Mwandishi kaandika makala nzima akisema Wagiriki wa kale walishindwa kuungana kwa sababu ya ubishi wao tu. Jamani, na milima je? Kila bonde na mji wake, na mashamba yenyewe mengi mawe matupu. Athens ilikula ngano iliyoletwa kwa meli, nyingine kutoka Bahari Nyeusi huko. Wangeachaje kuwa mabaharia?

Uajemi, adui yao (Iran ya leo), sehemu kubwa ni nyanda za juu kavu. Kinachonishangaza mimi ni kanati: mfereji uliochimbwa chini ya ardhi kutoka mlimani, maji yanateremka yenyewe bila kukaushwa na jua. Juu unaona mashimo tu, yamepangana kama ya fuko. Halafu hata vitani jiografia iliamua: pale Salamis, kisiwa karibu na Athens, 480 KK, wingi wa meli za Xerxes, mfalme wa Uajemi, dhidi ya Wagiriki ukageuka msongamano kwenye mlangobahari mwembamba.