Barua za Dickens, Keats na Charlotte Brontë: zingechomwa zote au tuna haki ya kuzisoma?

Tarehe 3 Septemba 1860 Charles Dickens, mwandishi maarufu wa riwaya, aliwasha moto nje ya nyumba yake ya Gad's Hill kule Kent, Uingereza, akaanza kuchoma barua. Sio moja wala mbili, ni barua alizopokea kwa miaka kama ishirini, na kumbuka marafiki zake ndo walikuwa waandishi wakubwa, kina Carlyle, Thackeray na Tennyson. Watoto wake walikuwa wanabeba vikapu kutoka ndani wanaleta motoni, na mmoja wao, Henry, alikuja kusimulia ukubwani kwamba walichoma vitunguu kwenye yale majivu. Vitunguu! Leo mtu akikuta karatasi moja tu ya mwandiko wa Thackeray anakimbilia mnadani, hawa wenzetu waliivishia kitafunwa.

Baadaye Dickens alimwandikia rafiki yake Macready akajieleza, kwamba kila siku anaona barua za siri za watu maarufu zinawekwa mbele ya watu zisizowahusu, kwahiyo kaamua kuchoma zote na tangu hapo kila barua isiyo ya kikazi akishaisoma anaiteketeza, roho yake imetulia. Ukiisoma hivyo unamuelewa kabisa. Nani anataka barua zake zisomwe na watu asiowajua?

Ila kuna kitu hapo Dickens hakukisema. Miaka miwili kabla ya ule moto, 1858, alikuwa ameachana na mkewe Catherine, ndoa ya miaka 22 na watoto kumi, na wakati huo ameshakutana na Ellen Ternan, mwigizaji aliyekuwa na miaka 18 walipofahamiana, yeye Dickens ana 45. Akaandika barua ya kujitetea, ndani yake akadokeza kwamba mke ana matatizo ya akili, akampa meneja wake Arthur Smith na ruhusa kamili ya kumwonyesha yeyote atakayehitaji kujua ukweli. Barua ikafika Marekani ikachapwa kwenye New York Tribune. Hapo mzee akaja juu, eti barua yake imenajisiwa. Sasa jamani, umempa mtu barua umemwambia aionyeshe watu, halafu imeonyeshwa unalalamika?

Kwahiyo swali la kama barua za hawa waandishi zilistahili kuchapishwa huwa linajibiwa haraka sana pande zote mbili. Wapo wanaosema faragha ni faragha, marehemu hawezi kujitetea, mwacheni apumzike. Na wapo wanaosema mwandishi mkubwa ni mali ya wote, kila alichoandika ni urithi. Mi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, na zote mbili zinasahau kwamba barua ina watu wawili.

Tuanze na upande wa faragha maana una hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Mshairi John Keats alifariki Roma Februari 1821, ana miaka 25 tu, kifua kikuu. Alikuwa na mchumba, Fanny Brawne, waliishi nyumba moja iliyogawanywa pale Hampstead, na alipokuwa mgonjwa alimwandikia barua za mapenzi zenye wivu na uchungu ambazo zinatisha kuzisoma, ni mtu anajua anakufa na anamwona mpenzi wake dirishani anaendelea kuishi. Fanny alizitunza zile barua mpaka anakufa 1865, wakati huo ni mke wa mtu mwingine na mama wa watoto. Watoto ndo wakaziuza. Mwaka 1878 Harry Buxton Forman akazichapisha kitabu.

Kilichofuata ni aibu. Matthew Arnold, mkosoaji mkubwa wa enzi ile, akaandika 1880 kwamba hizo ni barua za mwanagenzi wa daktari mpasuaji, mtu asiye na malezi (na ni kweli Keats aliwahi kuwa mwanagenzi wa upasuaji, ila sioni hilo linahusiana vipi na mapenzi). Na Fanny mwenyewe alichambuliwa vibaya kuliko Keats, akaonekana msichana mwepesi, mpenda sherehe, asiyejua thamani ya aliyempenda. Mwaka 1885 zile karatasi zikapigwa mnada London na mwandishi Oscar Wilde akaandika shairi la hasira kuhusu watu wanaogombania bei ya barua za marehemu.

Wilde huyohuyo miaka kumi baadaye yakamkuta. Barua yake kwa Lord Alfred Douglas, mwanaume mwenzake aliyempenda, iliangukia mikononi mwa watu wakaitumia kumtishia awape hela, halafu 1895 ikasomwa mahakamani Old Bailey neno kwa neno, na mwisho wa kesi zile akala miaka miwili jela na kazi ngumu. Kwahiyo anayesema barua ni barua tu, ina ubaya gani kuisoma, akumbuke kwamba Uingereza ya enzi za malkia Victoria barua iliweza kumfunga mtu. Kuchoma wakati mwingine haikuwa kujidai, ilikuwa kujiokoa.

Haya, upande wa pili. Huyohuyo Keats, Desemba 1817, kawaandikia wadogo zake George na Tom barua ya kawaida tu, habari za maonyesho aliyoangalia na watu aliokula nao, halafu katikati bila maandalizi anaeleza kwamba mshairi mkubwa ni yule anayeweza kukaa ndani ya mashaka na mafumbo bila kuhangaika kutafuta jibu. Mistari michache ile imefundishwa vyuoni kuliko vitabu vizima vya nadharia. Na 1819, George akiwa ameshahamia Marekani, Keats anamwandikia barua moja ndefu kwa miezi kadhaa, anaacha anarudi, ndani kuna mashairi mapya, kuna umbea, na kuna ile fikra yake kwamba dunia ni bonde la kutengenezea roho. Hakuandika kitabu cha falsafa. Falsafa yake iko kwenye barua, zingechomwa tusingekuwa nayo.

Hapo wengine wanajibu rahisi: basi tuchapishe barua za fikra tuchome za mapenzi. Nani atachambua? Keats hakuwa na kalamu mbili. Mtu anayeogopa kufa kwenye barua za Fanny ndo huyohuyo anayesema roho inatengenezwa kwa mateso.

Tena wingi wenyewe wa barua una sababu. Kabla ya 1840 aliyelipa posta kwa kawaida ni anayepokea, na bei ilipanda kwa umbali na idadi ya karatasi, ndo maana unakuta barua za zamani mtu kaandika ukurasa mzima halafu kageuza karatasi upande akaandika tena juu ya mistari ileile, macho yanauma. Januari 10, 1840 ikaja bei moja, peni moja kwa barua nyepesi popote ndani ya nchi, na Mei stempu ya kwanza. Kuanzia hapo watu waliandikiana kama sisi tunavyochati, na kama sisi hawakufikiria skrinshoti.

Sasa mwandishi wa riwaya Charlotte Brontë, hapa nataka kukaa kidogo. Alisoma na kufundisha Brussels shuleni kwa Constantin Heger na mkewe, akarudi Yorkshire Januari 1844 akiwa amempenda mwalimu wake, mume wa mtu. Akawa anamwandikia, kwa Kifaransa, na Heger akamwekea masharti aandike mara moja tu kila miezi sita. Barua zilizobaki ni nne. Zinaomba. Ni mwanamke mwenye akili kali kabisa anaomba mistari miwili ya jibu kama mtu anayeomba makombo. Tatu kati yake Heger alizichana akatupa, mkewe akaziokota kwenye takataka akaziunga, nyingine kwa uzi na sindano, akaziweka. Pembeni ya mojawapo Heger ameandika anwani ya fundi viatu.

Elizabeth Gaskell alipokuwa anaandika wasifu wa Charlotte alienda Brussels, akajua yaliyomo, na kitabu chake cha 1857 kikapita juujuu. Wengi wanamlaumu eti kaficha. Mi simlaumu, mume wa Charlotte yupo hai, baba yake yupo hai, marehemu ana miaka miwili tu kaburini. Angefanyaje? Barua zilitoka 1913, watoto wa Heger walipozipa British Museum na gazeti la The Times likazichapa, wakati huo wote wanaoumia wameshaondoka. Unaona muda unavyobadilisha haki ya jambo. Kilichokuwa udaku 1857, mwaka 1913 kilikuwa historia, na msomaji wa Villette, riwaya ya Charlotte, akaelewa yale maumivu yametoka wapi.

Na si hizo tu. Charlotte alipoolewa 1854, mumewe Arthur Bell Nicholls alichungulia barua anazomwandikia rafiki yake wa tangu shuleni, Ellen Nussey, akashtuka, akasema barua kama hizi ni hatari kama viberiti, Ellen aahidi kuzichoma la sivyo atakuwa anazikagua zote. Charlotte anamsimulia Ellen huku anacheka. Ellen akaahidi, kwa masharti yake, na hakuchoma. Mwaka uliofuata Charlotte akafariki. Karibu kila tunachojua kuhusu maisha ya ndani ya familia ile pale kijijini kwao Haworth kimepita kwenye barua za Ellen. Alivunja ahadi? Ndiyo, au karibu. Ningependa angeitimiza? Hapana, na sijisikii vizuri kusema hivyo lakini ndo ukweli.

Sheria nayo iliwagawanya. Tangu kesi ya mshairi Pope dhidi ya mchapishaji Curll mwaka 1741, Uingereza ilikubalika kwamba karatasi ni ya aliyepokea ila maneno ni ya aliyeandika. Kwahiyo Ellen alikuwa na barua kabatini kihalali kabisa, ila kuzichapisha anahitaji ruhusa ya mjane mume, Nicholls, yuleyule wa viberiti. Kila mmoja ana nusu, hakuna mwenye nzima.

Hiyo nusu ndo hoja yangu. Turudi kwa Fanny Brawne. Kwanini alihukumiwa vile? Kwa sababu dunia ilisoma barua za Keats kwake, za kwake kwa Keats hazikuwepo, na za mwisho mwisho Keats hakuwa na nguvu hata ya kuzifungua, akazikwa nazo. Watu wakasoma wivu wa mgonjwa wakauchukua kama ushahidi. Miaka karibu sitini baadaye, 1936, zikachapishwa barua ambazo Fanny alimwandikia dada yake Keats kipindi kile na baada ya msiba, na ghafla anaonekana mtu mwingine, mwenye akili, mcheshi, anayeomboleza kwa dhati. Kilichomharibia jina ni barua, kilichomsafisha ni barua. Mwaka 1878 walishinda watu wa kuchapisha, na kama kabla ya 1936 wangeshinda watu wa kuchoma, Fanny angebaki na aibu ile mpaka leo.

Na Catherine Dickens vilevile. Mume kachoma za kwake, yeye katunza zile alizoandikiwa na Dickens wakati wa uchumba na ndoa, na kabla ya kufa 1879 akampa binti yake Kate azipeleke British Museum, ili dunia ijue kwamba huyu mtu aliwahi kumpenda. Halafu 2019 profesa John Bowen akatoa habari za barua za jirani yake Catherine, Edward Dutton Cook, zilizokuwa Harvard, ambamo anasimulia alichoambiwa na Catherine mwenyewe: kwamba Dickens alijaribu kumfungia hospitali ya vichaa na hakufanikiwa. Ni neno la upande mmoja, sawa, na limepita mdomo wa pili. Ila ile barua ya 1858 ya Dickens nayo ilikuwa neno la upande mmoja, na watu waliiamini zaidi ya miaka mia.

Kwahiyo nikipima, kuchoma kwa Dickens hakunishawishi. Alichoma za wengine, maneno yao, huku barua zake yeye zaidi ya 14,000 zimebaki kwenye makabati ya waliozipokea. Hakuna hata moja kati yake na Ellen Ternan inayojulikana kuwepo. Hiyo siiti faragha, naiita kuhariri. Upande wa Forman, yule aliyechapisha barua za Keats, nao sina huruma nao sana, kuchapisha nusu ya mazungumzo wakati watoto wa mwanamke yule wapo hai na upande wake haupo, ni haraka ya mfanyabiashara. Wangesubiri.

Mtu akitaka kuona inavyokuwa pande zote mbili zikiwepo asome barua za washairi Robert Browning na Elizabeth Barrett. Barua ya kwanza Robert kaandika Januari 10, 1845, miaka mitano kamili tangu peni moja ianze, na kwa miezi ishirini wakaandikiana barua zaidi ya 570 mpaka walipofunga ndoa kwa siri Septemba 1846 kumkwepa baba yake Elizabeth. Robert alichoma barua zake nyingi uzeeni lakini hizi akaziacha kwenye kisanduku, akamwambia mwanae afanye atakavyo, na mwana akazichapisha 1899. Inayokosekana inajulikana: baada ya kuonana mara ya kwanza Mei 1845 Robert alikurupuka na barua nzito mno, Elizabeth akairudisha, Robert akaichoma. Hiyo sina kinyongo nayo, waliokuwa na haki nayo ni wawili na wote walikubali. Nyingine zote ziko chuo cha Wellesley, Marekani, na tangu 2012 zimewekwa mtandaoni bure kwa picha za karatasi zenyewe. Tafuta muda tu, na ongeza ukubwa wa skrini ukifika kwa Elizabeth, maana herufi zake ni ndogo kweli.