Waifai haipenyi bati, jamani!

Watu wa Moshi, nani aliwadanganya kwamba ripita, kile kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena, ikitundikwa ndani ya banda la bati, huko nyuma ya migomba, itafanya maajabu? Bati linarudisha mawimbi. Majani ya mgomba yamejaa maji, yanayameza. Ripita inapokea makombo, inagawa makombo! Tena nyingi hukata kasi karibu nusu, maana redio ileile inapokea na kurusha.

Vuteni waya kutoka nyumbani hadi bandani! Kebo ya mtandao ya Cat6, ile ya nje, ndani ya bomba la plastiki, ifukiwe, isizidi mita 100. Bandani fungeni aksesi pointi, kifaa cha kurusha waifai kutoka kwenye waya huo. Na huu waya wa alumini uliopakwa shaba, mnaununua wa nini? Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani leo leo.