Shilingi 2,000 na mtoto wa Mukuru

Tangu 2023, mtoto wa shule ya msingi ya umma Nairobi hugusisha bangili yake kwenye kifaa, akakatwa shilingi 5, akapewa chakula cha mchana kikiwa moto. Mpango huo wa kaunti, uitwao Dishi na County, una wapinzani wake. Wanasema elimu ya msingi ni ya serikali kuu, na Katiba iliiachia kaunti chekechea. Hilo wanasheria watalimaliza. Linalonisumbua mimi ni jingine: sifa za sahani hiyo zimekuwa fimbo ya kuwachapia akina mama wanaopokea fedha taslimu. Mtoto ameshalishwa, watu wanauliza, pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu, ni za nini tena?

Hoja ya sahani ina uzito wake. Chakula hakipitii mfuko wa mtu yeyote. Kinapikwa kwa wingi katika majiko makuu, kwa hiyo gharama inashuka, na mtoto ana sababu ya kufika darasani hata siku ambayo nyumbani hakukupikwa. Waliokunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, miaka ya themanini hadi leo hawajayasahau. Mimi singeondoa sahani hata moja.

Lakini sahani inafuata kalenda ya shule. Aprili jiko linazimwa, Agosti linazimwa, na Novemba watoto wanaingia likizo ndefu kuliko zote. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mukuru, Kibra na Mathare, watoto wengi husoma katika shule ndogo za watu binafsi, za mabati, kwa kuwa ya umma iko mbali au imefurika. Mpango uliojengwa juu ya shule za umma unawapita hao mlangoni. Halafu kuna mdogo wao, ambaye hajaanza hata chekechea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kenya wamedumaa. Ni nafuu, maana 2014 ilikuwa asilimia 26. Ila udumavu huanza mimba ikingali tumboni na hujikita kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Huyo hatafika kwenye foleni ya sahani kwa wakati.

Anayeweza kumfikia ni mama yake, akiwa na kitu mkononi. Na hapa nawaomba tukae kidogo na shilingi 2,000. Ndicho kiasi ambacho kaya inayolea yatima au watoto walio katika hali ngumu hupewa na Inua Jamii kwa mwezi, na kiasi hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka kumi. Gawanya kwa siku 30, unapata kama shilingi 66. Hizo ni za nyumba nzima, hata wakiwa watoto watano. Mwaka 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200, mgao wa mwezi haukufikisha pakiti kumi za unga, bila sukuma, bila mafuta, bila makaa. Kisha tunashangaa kwamba fedha hizi hazijaondoa umaskini. Tulitoa robo ya dawa, tukailaumu dawa.

Wapo wanaohofia kwamba pesa zitaishia kwenye pombe. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2014 hayakukuta matumizi ya pombe na sigara yakipanda kwa sababu ya misaada ya fedha. Wengine wanasema wanawake watazaa ili walipwe, ilhali malipo ni ya kaya na hayaongezeki mtoto akiongezeka. Mpango wenyewe wa yatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, ulipotathminiwa ilionekana vijana wa kaya zilizopokea walichelewa kuanza ngono, na wengi zaidi waliingia sekondari.

Hofu ninayoipa heshima ni ya kodi ya nyumba. Katika mitaa ya mabanda, fedha zikijulikana zimeingia, mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi. Ni kweli, na serikali haijawahi kuwa na jibu zuri kwa wapangaji wa mabanda. Ila tusiite kodi matumizi mabaya. Mama akichelewesha kodi hukuta kufuli mlangoni, jiko na godoro viko ndani, na usiku huo watoto wanalala kwa jirani. Zikipita siku wanahamia mtaa mwingine, na shule inaachwa katikati ya muhula. Kodi iliyolipwa tarehe 5 imemlinda mtoto sawasawa na chakula.

Malalamiko mengine ni ya orodha: nani aliandikishwa, nani alijuana na nani. Hapo nakubaliana na wakosoaji kabisa, na ndiyo sababu naona kigezo cha uyatima kimechoka. Kilifaa wakati UKIMWI ulipokuwa ukifagia wazazi. Leo mtoto wa mama anayefulia watu nguo South B ana wazazi wote wawili na bado analala njaa. Kigezo cha umri hakina upendeleo. Karibu kila mtoto ana kijitabu cha kliniki, na wahudumu wa afya ya jamii wanaijua milango yenye watoto wachanga. Jaribio lililofanywa Kajiado, Embu na Kisumu lilitoa shilingi 800 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitatu, bila kuuliza kama ni yatima.

Hazina yenye madeni haitaweza kulipa watoto wote wa nchi kwa mkupuo. Basi ianze na hao wa chini ya miaka mitatu, Mukuru na Mathare, kwa kiasi kitakachopanda bei ya unga inapopanda. Sahani iwangoje shuleni.