Ameshukia Uvinza, wewe unamsubiri Kigoma

Juzi saa tano usiku, umeme ndio kwanza umerudi hapa Mwanga, nafungua WhatsApp nakuta dogo mmoja ninayemsaidia kodi, hii ya kompyuta, ile ya TRA kila mtu apambane na yake, kaniachia voisi ya dakika nne. "Dada shikamoo, leo siku ya pili nimekwama." Ameandika prosesa yake ya anotesheni, yaani kijiprogramu kinachosoma zile alama za @ kwenye kodi ya Java na kuandika kodi nyingine, kaweka brekipointi, alama ya kuisimamisha programu kwenye mstari fulani, anabonyeza kitufe cha mdudu, kile cha kudibagi, kusaka kosa, programu inapita mbio kama haijaona kitu. Akauliza kwenye kundi, mkubwa mmoja akamjibu: "Prosesa hazidibagiki, weka println tu," ile amri ya kuchapisha maneno kwenye skrini. Na watu wakamwagia dole gumba.

Hazidibagiki!

Jamani, prosesa ya anotesheni ni Java ya kawaida, siyo jini. Tangu Java 6, mwaka 2006, inaishi ndani ya javac, kompaila ya Java inayogeuza kodi yako iweze kukimbia: kompaila inaiita, inazipitia klasi zako, inaandika faili mpya, basi, kazi imeisha. Programu yako inapoanza kukimbia, prosesa ilishaondoka zamani. Sasa wewe unaweka brekipointi kwenye prosesa halafu unadibagi programu. Huyo ni mtu anayemsubiri mgeni stesheni ya Kigoma wakati mgeni kashukia Uvinza. Utatafuna karanga zako mpaka behewa la mwisho litolewe watu, hutamwona, na treni haina kosa.

Cha kusimamisha ni kompaila. Kwa Maven, zana ya kujengea miradi ya Java, andika `mvnDebug clean compile` badala ya `mvn` ya kila siku. Itaganda, ikisubiri kwenye poti 8000. Rudi kwenye IntelliJ, programu yako ya kuandikia kodi, unganisha dibaga ya mbali kwenye poti hiyo, brekipointi itashika. Hiyo `clean`, inayofuta yaliyojengwa mwanzo, usiiruke: kama hujabadilisha faili yoyote, Maven inaona hakuna cha kukompaili, prosesa haiitwi, na wewe utanitumia voisi nyingine. Gradle, mwenzake Maven, nayo ina njia yake, poti 5005. Eclipse, mwenzake IntelliJ, ina kompaila yake yenyewe, huko ni safari nyingine, nenda na chakula. Na kama uko JDK 23, yaani Java toleo la 23, kwenda juu, hakikisha kwanza prosesa imeruhusiwa kukimbia, maana siku hizi kuiacha tu kwenye classpath, orodha ya mahali Java inapotafuta klasi, hakutoshi.

Waliotengeneza IntelliJ nao nina ugomvi nao. Wameweka amri ya kudibagi ujenzi wa mradi, inaitwa Debug Build Process, nzuri kabisa, halafu huipati mpaka uitafute kwa jina. Ningelijua jina ningekuwa nimekwama?

Haya, println ina siku zake. Prosesa ya mistari hamsini, kosa dogo, chapisha ukalale. Ila hata hapo tumia Messager, chombo cha prosesa cha kutolea ujumbe, upite kwa kompaila yenyewe, maana println ukiwa ndani ya programu ya kuandikia kodi mara nyingi inamezwa, huioni ng'o.

Dogo println zilimwambia "nimeandika faili", kisha tena "nimeandika faili", kisha kompaila ikamlalamikia kwamba anaunda faili ambayo ipo tayari. Siku mbili anahangaika na jina la faili! Tulipomkamata javac, dakika mbili tu tukaona: `process`, kile kipande cha prosesa kinachofanya kazi, inaitwa kwa raundi. Ya kwanza kwa kodi yake, ya pili kwa faili iliyozaliwa, kisha ya kufungia. Na ile orodha yake ya klasi aliyoijaza raundi ya kwanza hakuwahi kuifuta, kwa hiyo ya pili anaandika yaleyale. Dawa yake mstari mmoja wa `clear()`, kuifuta hiyo orodha.

"Dada, kumbe inaingia mara tatu!"

Inaingia mara tatu, ndiyo. Saa saba usiku. Migebuka uliyoniahidi ije imekaangwa, na ukampe salamu yule mkubwa wa println.